Hoja Isiyo na Mgombea

Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2003, Texas ilipopigia kura marekebisho ya katiba yake, niliwaona Watanzania wawili, raia kamili wa Marekani, wenye suti, wakitoka kituoni Richardson bila kupiga kura.

Nje aliwasubiri mama aliyewaleta kwa gari lake. Bintiye alilemazwa na daktari siku ya kuzaliwa, na hoja mojawapo ingewaruhusu wabunge kuweka kikomo cha fidia katika kesi za namna hiyo. Mama mwenyewe bado hajapata uraia, hivyo hana kura.

“Mmeshapiga, kaka zangu?”

“Dada, tumesoma karatasi ya kura ya mfano ukutani,” mmoja alijibu akicheka. “Hakuna mgombea hata mmoja! Sasa tumchague nani?”

“Ni hoja, kaka. Ya kumi na mbili. Mnaweka alama penye hapana, basi. Niliwaeleza njiani.”

Mwenzake aligonga saa yake kwa kidole. “Tuna kikao cha harusi DeSoto, na mimi ndiye katibu. Haya ya Wamarekani watayamaliza wenyewe.”

Mama aliwafungulia milango ya gari, akawapeleka.

Hoja ilipita kwa tofauti ndogo. Nimekasirika, na sitaomba radhi. Nimearifiwa kwamba kikaoni waungwana hao walinyoosha mikono yote miwili kuchagua rangi ya sare, wala hawakuuliza mgombea ni nani.