Binti yangu aliogopa ukungu, nikautengeneza mezani kwenye chupa ya jamu

Wakuu, salaam. Hii siyo chai, mama watoto yupo hapa pembeni anachungulia simu, nikitia chumvi ananirekebisha.

Tupo Kasulo, Ngara. Wenyeji mnaujua ukungu wa huku. Asubuhi unafungua mlango huoni hata migomba yako mwenyewe.

Tulimzika baba yangu siku ya namna hiyo. Jeneza lilitoka uani, hatua chache tu likamezwa, na waliolibeba nao wakapotea.

Binti yangu Devota, wa darasa la kwanza, alikuwa amesimama mlangoni anaangalia.

Tangu hapo ukungu ukishuka, shule haendi. Anashika mguu wa kitanda na kupiga yowe. Nikabembeleza, nikafoka, wapi! Wenzake wanaanza kusoma, yeye anabaki nyuma.

Siku moja mama yake akamuuliza kwa upole, akafunguka:

"Mlisema Babu amekwenda mawinguni. Na mwalimu amesema ukungu ni wingu limeshuka chini. Limekuja kuchukua wengine."

Aisee! Hesabu yake haikuwa na kosa. Tarakimu tulimpa sisi wenyewe.

Jumamosi nikakumbuka jaribio moja nililoliona mtandaoni. Nikasuuza chupa ya jamu kwa maji ya uvuguvugu isipasuke, nikamimina humo maji kidogo ya moto. Barafu dukani zilikuwa za ubuyu tu, nikazipanga hizo hizo kwenye bakuli (mdogo wake akaangua kilio, anataka kulamba). Nikawasha njiti ya kiberiti, nikaizima, moshi ukaingia chupani, nikafunika kwa lile bakuli.

Wenye watoto, moto na maji shikeni wenyewe.

Tukasubiri. Nikaanza kuona aibu.

Halafu wakuu, wingu likatokea. Jeupe, linazunguka taratibu, juu ya kitambaa cha meza cha mke wangu! Nimekulia ndani ya ukungu miaka yote, sikuwahi kuuona unazaliwa. Nywele zilinisimama.

Nikainua bakuli. Wingu likamwagika nje, likayeyuka. Maji yalipopoa Devota akaingiza mkono, akautoa umelowa.

"Ni maji tu?"

"Maji tu, mama."

Akachungulia mpaka chini kabisa. "Babu hayumo."

Mama yake akaondoka kwenda jikoni. Nilijua anakwenda kulia.

Jumatatu ukungu ulishuka mzito. Devota akavaa begi, akasimama kizingitini kidogo, akaingia ukunguni. Hatua chache, hayupo, kama baba yangu vile vile. Nilitaka kumkimbilia, nikajizuia.

Sauti ikatoka mle ndani: "Baba, nipo!"

Nililia, wakuu. Sifichi.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto anayaamini maneno yetu kuliko sisi tunavyoyaamini, kwa hiyo tuyapime kabla hatujampa.

Sasa nisaidieni. Jioni alirudi na swali: "Kama hayumo kwenye wingu, Babu yuko wapi?"

Hilo sina chupa yake. Ninyi wanenu mliwajibu nini?