Kisigino cha Mehitabel

Kwa miaka tisa Mehitabel Loomis aliketi benchi la mlangoni kanisani, pale upepo wa Konektikati unapouma miguu. Wazee wa kanisa walimhamishia huko baada ya karani wa jeshi kuandika kwamba mumewe, Asahel, ametoroka vita vya Wamarekani vya kumng'oa mfalme wa Uingereza. Wanawake aliowafundisha kufuma wakampa kisogo. Yeye hakuamini hata siku moja. Lakini nani husikiliza neno la mke?

Msimu wa kukamua tufaha, mwanamume mchechemeaji akaingia kijijini na soksi moja kuukuu, akiuliza mlango kwa mlango, "Nani kafuma hii?"

Prudence Gaylord, kinara wa wasengenyaji, akaigeuza. "Kisigino hiki? Cha Mehitabel! Mishono imebana kama roho yake."

"Una hakika, mama?"

"Naapa hata mbele ya mchungaji."

"Basi twende ukaape."

Kwa mchungaji, Prudence akaapa. Mehitabel aliitwa, akaja na unga mikononi. Alipoiona soksi, akaichukua na kuigeuza kisigino.

"Naitwa Ezra Tuttle," mgeni akasema. "Nilikuwa askari wa kikosi kingine. Njiani, kwenye theluji, nilikutana na Asahel. Katumwa na kapteni wake kutafuta unga, cheti nilikiona. Mimi miguu mitupu. Akavua soksi zake akanivika. 'Mke wangu kazifuma,' akasema, 'ukizichakaza atakukaanga.' Siku ya tatu homa ikamchukua, kwenye banda la mkulima. Nilimzika mwenyewe. Kapteni naye, nilisikia baadaye, alikufa juma lilelile, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia karani ukweli."

Mchungaji akamgeukia Prudence. "Umeapa soksi ni ya huyu?"

"Nimeapa," Prudence akajibu.

"Umechelewa, kaka," Mehitabel akamwambia Ezra, machozi yakimtiririka.

"Nilijua jina Asahel tu, dada. Konektikati ina milango mingi."

Jumapili, mchungaji alitangaza kuwa Asahel Loomis alifia kazini, akamwonyesha mjane wake benchi la mbele. Mehitabel akaenda mbele amemshika Ezra mkono. Hakuwa amesamehe yote. Ila alimshukuru Mungu kwa miguu ile iliyochechemea miaka tisa kumtafuta, na, kwa shingo upande, hata kwa ulimi wa Prudence.

Prudence, aliyeketi benchi hilo la mbele, akasogea kidogo.

"Sogea tena," Mehitabel akamwambia. "Tuko wawili."

Ezra akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu ndani ya soksi mpya, kisigino kimebana sawasawa.