Chumba Kikubwa, Mzigo Mdogo

Vernon Stauffer alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha matairi huko Findlay, Ohio, na rafiki wa kweli alikuwa naye mmoja tu, Russ Beal. Russ alitoka kiwandani mapema, akaingia kwenye mizigo ya haraka: vipuri vinavyotakiwa kesho asubuhi, la sivyo kiwanda kizima kinasimama. Kazi hiyo wengi huifanya mke na mume. Mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake amelala kwenye chumba nyuma ya kabini. Vernon alipostaafu, yeye na mkewe Lorraine wakaamua kuifanya. Akiba yao ilitosha lori moja. Wakikosea, basi tena.

Wakapata mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa jeupe, halina mbwembwe, chumba chake chembamba kama kabati. Lorraine alijilaza humo, akajigeuza huku na huku, kisha akashuka kusoma kibao cha mlangoni kinachoonyesha uzito lori linaoweza kubeba.

“Hili hapa, Vern. Tunakwenda kazini, hatuhamii nyumba.”

Vernon akampigia Russ kwanza.

“Usiliguse!” Russ akafoka. “Injini hiyo imeshakufa mara mbili. Chukua lile jekundu, lina jiko, lina bafu, na ratili elfu kumi na mbili linabeba. Unataka mkeo alale kabatini?”

“Russ anajua kuliko kibao?” Lorraine akauliza.

“Russ ana miaka kumi na miwili barabarani. Wewe una mingapi?”

Wakanunua jekundu, na kwenye ofisi inayowapangia mizigo wakaandikisha ratili elfu kumi na mbili, kama Russ alivyosema.

Sasa, malori ya aina hii sheria yake ni moja: gari na mzigo pamoja visizidi ratili elfu thelathini na tatu. Kila jiko na bafu unalojibebea linakula mzigo. Ni mgeni tu anayechagua lori kwa kupenda kitanda, na Russ hakuwa mgeni.

Wiki ya tatu wakapangiwa mzigo wa ratili elfu kumi na moja kule Toledo. Vernon akapandisha jekundu kwenye mizani likiwa tupu. Nafasi iliyobaki ilikuwa elfu nane.

“Pole, baba,” akasema mama wa ofisini kwenye simu. “Sogea pembeni, nampa aliye karibu.”

Aliye karibu akaingia baada ya nusu saa na lile lori jeupe. Kwenye usukani alikuwa Russ.

“Umelinunua,” Vernon akasema.

“Siku ile ile uliyonipigia simu. Usininunie bwana, lilikuwa zuri mno. Ungekuwa wewe, ungeniachia?”

“Ningekuachia.”

Na kweli angemwachia, ndilo lililomchoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akarudi kwenye jekundu akiubamiza mlango, akimtukana Russ kwa kila jina alilojaliwa kulijua. Lorraine alimwacha amalize.

“Haya, Russ kakusaliti wewe,” akasema. “Mimi Russ si rafiki yangu, Vern. Mimi niliyemwamini ni wewe.”

Lorraine akaingia kwenye kile chumba kikubwa, akavuta pazia.