Siku Maji Yalipotukimbia Blankenberge

Mwaka jana nilishuka tena kwenye kituo cha treni cha Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, nikiwa mama wa watoto wawili, na kabla sijaiona bahari nikasikia harufu yake. Usinicheke, rafiki yangu. Nilisimama palepale njiani, watu wakinipita na viti vyao vya kukunja, na kwa muda nikawa tena na miaka tisa, mkono wangu ndani ya mkono wa Papa.

Miaka ile ya tisini tulikuwa tunakaa Brussels, upande wa Berchem, ghorofa ya tano. Vita ilikuwa imetutoa Uvira, kwetu Kongo. Papa, ambaye alikuwa mvuvi wa ziwa Tanganyika kama baba yake, sasa alisafisha maofisi karibu na mtaa wa Schuman. Maman alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na mimba ile ilimtesa kwelikweli. Kila alichokula kilirudi. Alitaka mambo mawili tu: samaki aliyevuliwa siku hiyohiyo, si yule wa barafu wa dukani, na kuambiwa ni lini tutarudi kwetu. Aliuliza kila jioni, na kila jioni Papa alimjibu, “Bientôt,” yaani karibuni. Basi Jumamosi moja ya kiangazi Papa akaapa kwamba hilo la samaki, angalau, atalimaliza yeye.

Jirani yetu wa chini, mzee Mflemi, Mbelgiji wa kaskazini, alituazima fimbo yake ya kuvulia. Papa alimshukuru sana, akaiacha nyuma ya mlango. Yeye alibeba mshipi wake, uzi mrefu alioukunja kwenye chupa ya plastiki, na ndoano zilizochomekwa kwenye kizibo. Maman alitufungia beignets, yale maandazi yetu, na thermos ya chai ya tangawizi, ambayo harufu yake tu ilimfanya akimbilie chooni.

Gati lilikuwa la mbao, refu ajabu, limesimama juu ya nguzo na kuingia ndani ya bahari. Tulipofika asubuhi maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi za ufukweni. Papa alishuka, akachota kwa kiganja na kusukutua mdomo, kama wavuvi wa kwetu wanavyofanya kabla ya kurusha mshipi. Akatema upesi. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba bahari ina chumvi, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyedanganywa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu akaanza kuvua, na mimi nikaacha kucheka. Tangu tufike Ubelgiji nilikuwa sijamwona Papa akifanya kitu anachokijua. Aliuachia uzi juu ya kidole kimoja, akasikiliza kwa kidole hichohicho, akavuta. Wazungu wenye fimbo za bei kali wakaanza kumtazama. Samaki wa kwanza alikuwa bapa, macho yote mawili upande mmoja, na Papa akaniambia kwamba huyu alikanyagwa na tembo. Mpaka saa nne alikuwa na watano. Aliwapitisha kamba kwenye matamvua, akashuka nao kwenye ngazi, akaifunga kamba kwenye nguzo na kuwaacha ndani ya maji wabaki wabichi. Ndivyo walivyofanya ziwani tangu babu na babu. Kisha tukaenda mpaka mwisho kabisa wa gati, tukala, tukavua tena bila kupata kitu, na mimi nikasinzia begani kwake.

Tuliporudi mchana, bahari haikuwepo.

Sijui nikueleze vipi. Pale tulipoacha maji palikuwa na mchanga, mchanga mtupu mpaka mbali, na watu wakitembeza mbwa juu yake. Nguzo zilisimama wazi, zimejaa kome. Kwenye kamba yetu vilining'inia vichwa vitano, na shakwe walikuwa wanamalizia kilichobaki.

Papa aliukamata mkono wangu mpaka ukauma. Ziwa letu halijawahi kwenda popote. Aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mayi imeenda wapi?” Nilimwona anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi.

Bibi mmoja mvuvi mwenye kofia ya sufu alituonea huruma. Alifungua kijitabu kilichojaa safu za masaa ya maji kujaa na kupwa, akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile. Mimi ndiye niliyetafsiri Kifaransa chake: maji yatakuwa yamefika tena hapa kwenye ngazi saa kumi na mbili jioni. Papa alinituma nimuulize mara tatu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akasema tutangoja.

Na yalirudi, rafiki yangu. Yalikuja taratibu, ulimi mwembamba kwanza, yakajaza nyayo za mbwa, yakapanda nguzo, na ilipofika saa kumi na mbili yalikuwa yanalowesha viatu vya Papa. Hakuvitoa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Katika yale maji mapya alivua samaki wawili wadogo, na safari hii tuliwabeba kwenye ndoo.

Maman aliwala wote wawili kwa bugali, akanyonya mifupa, na hakikurudi hata kipande. Kisha akauliza kama kila jioni. Nilingoja lile neno la Papa.

“Saa ya mayi, balishaiandika,” alisema. “Ya kurudi kwetu, maman, muntu hajaiandika. Mi sijui.”

Maman alimtazama, akamsogezea sahani yake ya bugali iliyobaki, na kuanzia jioni ile hakuuliza tena. Wote wawili wamezikwa hapa Brussels. Uvira siku hizi ninaiona kwenye picha tu, na ule mkono uliosikiliza maji kwa kidole kimoja haupo tena. Nilikaa ufukweni siku nzima mwaka jana, nikayaona maji yakienda, nikayaona yakirudi.