Utafiti wa Kiu

Mama Kimya si jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi wa uuguzi walimbandika jina hilo miaka mingi iliyopita, kwa sababu ukidondosha kalamu tu katika maktaba yake, anakutazama mpaka unajiona kama umeiba. Hana haja ya kufoka. Miwani inateremka puani, macho yanapanda juu ya fremu, basi, watu wazima na digrii zao wanashika adabu. Ndiyo maana siku aliyofoka wodini, hata wapishi walitoka jikoni kuja kuona ni nani.

Ni mkutubi wa hospitali. Maktaba yake iko ghorofa ya juu kabisa, juu ya ofisi za utawala, mwisho wa ngazi ambazo hata mwenye afya akizimaliza anahema. Aliingia pale akiwa msichana wa kusuka mtindo mpya kila wiki, na sasa anajifunga kitambaa na kusema mvi ni zake, zisimhusu mtu. Mumewe, fundi bomba mwenye maneno mengi, huwaambia wageni kwamba mke wake ameolewa na hospitali, yeye amepewa tu zamu za usiku. Daktari akisema "nilisoma mahali fulani," Mama Kimya humletea hicho alichosoma mahali fulani kabla chai yake haijapoa. Anaipenda kazi hiyo kwa sababu moja ambayo hakuwahi kuitilia shaka: kitu kikishajulikana na kuandikwa, kitatendwa. Kwa nini watu walijue jambo halafu walikalie?

Naam. Kwa nini?

Mwaka juzi hospitali yao wenyewe ilifanya utafiti juu ya kiu. Zamani na zamani, kila mgonjwa wa kupasuliwa alifungiwa kinywa tangu jioni, kisa dawa ya usingizi: tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa chakula, hofu hiyo ina haki yake. Lakini maji matupu hayakai tumboni. Utafiti ukaonyesha kwamba mgonjwa wa kawaida anaweza kunywa maji hadi zibaki saa mbili hivi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, asipate dhara lolote, na akatoka huko akiwa na nguvu zaidi kuliko yule aliyekaushwa kama dagaa. Wauguzi walizunguka vitandani na karatasi kuwauliza wagonjwa wana kiu kiasi gani. Mama Kimya alikusanya maandiko ya kwingineko, nayo yalisema yale yale.

Aliyeuongoza utafiti huo alikuwa daktari bingwa wa usingizi, ambaye kila mtu humwita Bingwa tu. Matokeo yakasomwa katika ukumbi wa hoteli wenye viyoyozi na chupa za maji baridi mezani, tena kila mshiriki na yake. Bingwa akapewa cheti. Kikatiwa fremu, kikatundikwa kwenye mlango wa wodi ya upasuaji ya wanawake, pamoja na picha yake akipeana mkono na mheshimiwa na kutabasamu meno yote nje. Ripoti ikajalidiwa, ikapanda ngazi kwenda maktaba. Ikakaa.

Sasa mwaka huu Mama Mdogo akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yake Mama Kimya, na ndiye mzazi pekee aliyembakia. Akalazwa katika wodi ile ile yenye cheti mlangoni.

Asubuhi ya siku yake ya tatu kitandani, Mama Kimya alishuka kumwona. Kadi ilining'inia miguuni pa kitanda: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Ilitundikwa mara ya kwanza juzi jioni. Jana Mama Mdogo alikauka mpaka alasiri, ndipo chumba cha upasuaji kikasema wameletewa majeruhi wa ajali, arudishwe kesho. Akapewa uji, na jioni kadi ikarudi mahali pake. Na sasa jua lilikuwa limeshapanda, midomo imepasuka, ulimi unagota kinywani kama wa mtu aliyelewa.

"Mwanangu," alisema, "nilowanishie kitambaa unipanguse midomo. Maji usinipe, tafadhali. Ukinipa utaniua."

Alikuwa anamaanisha. Mwaka jana dada yake, yaani mama yake Mama Kimya, alilala wodi hiyo hiyo akingoja kupasuliwa tumbo, na Mama Mdogo ndiye aliyekaa naye, maana Mama Kimya alikuwa juu, kazini. Mgonjwa aliomba maji asubuhi nzima. Aliomba kwa upole, akaomba kwa hasira, mwisho akaomba kama mtoto. Mama Mdogo alijikaza kisabuni, hakumpa hata tone, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Upasuaji ulipofanyika ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, na mama hakuamka. Si kiu iliyomuua. Lakini alikwenda na kiu yake.

Mama Kimya aliisoma kadi mara moja. Akageuka, akakiona cheti kupitia mlango uliokuwa wazi, na meno ya Bingwa. Damu ikamchemka.

"Nani anasimamia hapa?" alipaza sauti. "Nauliza, nani?"

Sista msimamizi wa wodi alikuja mbio, kalamu sikioni. Walikuwa wanajuana tangu ujana wao. "Dada, taratibu, kuna wagonjwa."

"Hao wagonjwa ndio ninaowasemea! Utafiti ule mliufanya wa nini? Mlikuwa mnatafuta picha ya ukutani?"

"Utafiti upi?"

"Wa maji! Uliwauliza watu kiu zao kwa kinywa chako mwenyewe, sista, leo unaniuliza upi?"

Sista alisimama. Naye ni mtu, naye ana hasira zake. "Niliuliza, ndiyo. Nikajaza makaratasi mpaka vidole vikafa ganzi. Wakaja wakayachukua. Majibu sijayaona mpaka leo. Hotelini hatukuitwa. Pale mlangoni nimeona cheti, basi."

"Ripoti iko maktaba."

"Maktaba ipi, dada? Hiyo inayofunguliwa nikiwa zamu na kufungwa nikiwa zamu? Na mlangoni umeandika madaktari na wanafunzi. Mimi ni yupi kati ya hao?"

Kibao kile Mama Kimya alikiandika mwenyewe. Hasira haikupungua, ila sasa iligawanyika, na fungu lake mwenyewe lilimkaa vibaya kifuani.

"Basi sasa umejua," alisema kwa sauti ya chini. "Mpe maji."

"Siwezi. Kadi ina sahihi ya daktari. Mgonjwa akitapika mezani, atakayeitwa kujieleza si mwenye cheti. Ni mimi."

Bingwa mwenyewe akatokea, kavaa nguo za kijani, anapita njia ya kwenda kunywa chai. Akaelezwa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kupendwa.

"Maji? Mpeni tu. Nani kamkataza?"

Sista akainua kadi, akamwonyesha sahihi.

"Aa. Hizi kadi za zamani bado mnazo?"

"Ndizo tunazoletewa, daktari. Unazisaini mwenyewe, rundo zima kwa mpigo."

Bingwa akapiga simu chumba cha upasuaji, akaambiwa zamu ya huyu bibi ni alasiri. Akachomoa kalamu, akaandika aruhusiwe maji, akampigapiga Mama Kimya begani. "Mzazi wako ni mzazi wetu. Ungenipigia simu tu, mama, yasingefika huku."

Ni hilo la simu lililommaliza. Kulikuwa na wanawake wodi nzima, kila mmoja na kadi yake, wote wamegeuza shingo kuitazama bilauri iliyoletwa. Kwenye kitanda cha jirani msichana mmoja alikuwa anameza mate ambayo hakuwa nayo.

"Na hawa?" Mama Kimya aliuliza.

"Hawa tutawafikia. Kuna utaratibu. Kamati ya miongozo inatakiwa ikae ipitishe."

"Haijakaa tangu mlipokula hotelini?"

"Mama, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima!" Sauti yake ilifika barabarani. "Mtu mzima analamba kitambaa kama paka, wewe unaniletea heshima! Kama ni kamati, leo imekaa. Hii hapa, imelala vitandani, inakungoja. Andika!"

Hakuna aliyecheka. Sista alisogeza kitoroli chenye mafaili mpaka mbele ya magoti ya Bingwa, akakiachia hapo. Na Bingwa, ambaye tuseme ukweli si mtu mbaya, ila ameridhika mapema mno na nafsi yake, alitazama mlango, akautazama ule umati wa wapishi waliojazana hapo, akaanza kuandika.

Alikwenda kitanda kwa kitanda. Alifungua kila faili, akauliza maswali, akaandika. Mama mmoja utumbo wake ulikuwa umeziba, akamwambia hapana, wewe huwezi, akamweleza kwa nini. Yule mama akaitikia kwa kichwa, hakulalamika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza. Wengine wakaletewa maji. Kwa muda wodi haikuwa na sauti nyingine ila ya watu kumeza.

Mama Mdogo hakuwa amekunywa bado. Alikuwa ameishika bilauri kifuani kwa mikono miwili, anamfuata daktari kwa macho. Bingwa alipomfikia tena, anafunga kalamu, Mama Mdogo alimuuliza kwa adabu kabisa, kama anavyouliza mzazi:

"Mwanangu, hili jambo la maji, mmelijua lini?"

Bingwa angeweza kudanganya, lakini uchovu ulikuwa umemwondolea ubishi.

"Mwaka juzi, mama."

"Mwaka juzi."

"Ndiyo."

Mama Mdogo aligeuza uso, si kwa daktari wala kwa sista, bali kwa mtoto wa dada yake.

"Basi mama yako ningempa," alisema.