Mstari Uliopita kwa Bi Mwanaidi

Mnisamehe kwa mwandiko huu uliolala na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nne, na kalamu huniendea polepole.

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, nilikabidhiwa ncha ya mnyororo wa kupimia ardhi. Nilikuwa kijana mwenye haya, na kazi ya kukaa kimya ilinifaa. Bwana Sevea, yaani mpima ardhi, alichungulia darubini yake, mie nikavuta mnyororo hadi ukakaza, na mnyapara akapigilia kigingi cheupe. Tulikuwa tukinyoosha barabara mpya Temeke.

"Mji ni mstari," Bwana Sevea alituambia. "Pasipo mstari ni kichaka."

Nilimwamini.

Kigingi kimoja kiliangukia mbele ya mlango wa Bi Mwanaidi, mjane muuza vitumbua. Kesho yake tulikuta amekifungia mbuzi.

"Bibi we! Hicho kigingi cha Serikali!" mnyapara alifoka.

"Basi na mbuzi ni wa Serikali. Mlisheni."

Tulicheka, hadi alipoambiwa kwamba nyumba itavunjwa. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hamwezi kuipindisha barabara kidogo tu? Nyumba hii marehemu aliijenga kwa mikono yake."

Bwana Sevea ndiye aliyejibu. "Ikipinda kwa mmoja, itapinda kwa wote."

Nyumba ikavunjwa. Bi Mwanaidi akahamia Mtoni kwa mpwa wake.

Baadaye mstari ukafika kwenye ghala la mbata la tajiri mmoja. Afisa akaja na gari, akamvuta Bwana Sevea pembeni. Waliporudi, tuliamriwa kung'oa vigingi. Barabara haikati kona ghafla. Ili ilikwepe ghala, ilibidi ianze kupinda mbali, kabla hata ya kwa Bi Mwanaidi. Kiwanja chake kikabaki kitupu, hakikuguswa.

Siku moja alikuja kukitazama, akatukuta hapo.

"Hiyo barabara iliyonitoa iko wapi?"

Mnyapara akajifanya anakunja mnyororo. Mie nikainamisha kichwa.

Hadi nastaafu nimefanya kazi chini ya mabwana sevea wengi, weupe na weusi. Wote walisema mstari haujui mtu. Nimeuvuta Kinondoni, Ubungo, hadi Chamazi, na kote huko mstari uliwajua watu wake vizuri sana.

Bi Mwanaidi amekwisha fariki. Swali lake nimebaki nalo mimi. Ninyi mliosomea kupanga miji, niandikieni. Mngemjibu nini?