Pikipiki Niliyoisifu Kabla ya Kuipanda

Naungama. Kwa miezi mitatu niliwashauri waendeshaji kwenye kikundi chetu cha simu kuhusu ile pikipiki kubwa ya bei nafuu, yenye sura ya kizamani na kiti cha chini. Nilisema inapanda milima ya Londiani bila kuchoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

Jumamosi moja Kiprono, aliyeinunua kwa kuamini maneno yangu, akaja nayo mpaka kituo cha majani chai ninakofanya kazi ya karani. Wakulima walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao.

"Madam, inazimazima nikipunguza mwendo. Wewe unaijua, hebu isikilize."

Ningekiri hapo, lakini nilikuwa nimeazimia kulinda heshima yangu. Nikaikalia ikinguruma, nikainamisha sikio, nikabonyeza swichi nyekundu iliyokuwa karibu na kidole gumba. Injini ikanyamaza.

"Umeona?" nikasema kama daktari. "Ni kabureta."

Kiprono akaitazama swichi, kisha akanitazama mimi.

"Madam, hii haina kabureta. Na hapo umeizima wewe mwenyewe."

Mama mmoja kwenye foleni akatua kikapu chake chini ili acheke vizuri.